Nani huandika kwa ufanisi zaidi, mtu au kompaila?

Ukijiunga na kundi lolote la vijana wanaojifunza kuandika programu, haichukui muda kukutana na ubishi huu. Mmoja anasema lugha ya Python ni nzito, anayeijua kazi huandika kwa lugha ya C. Mwingine anamjibu kwamba hata C ni ya wanaoogopa mashine, kasi halisi iko kwenye asembli. Siku hizi ameongezeka wa tatu: anauliza kama msimbo unaoandikwa na akili mnemba unaweza kulingana na wa binadamu. Wote watatu wanazungumza kana kwamba swali ni jipya, na wote wanachanganya mambo ambayo yangetenganishwa ubishi ungepungua sana.

Swali lenyewe, la kama mashine inaweza kuandika amri zake vizuri kama mtu, lina umri wa zaidi ya miaka 70. Liliulizwa kwa uzito Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950, na waliolijibu hawakulijibu kwa maneno. Walitumia karibu miaka mitatu na nusu kutengeneza chombo ambacho kingelithibitisha. Kisa chao ndicho njia nzuri kuliko zote ninazozijua za kuelewa jambo hili, ila kwanza tuweke sawa istilahi.

Prosesa ya kompyuta haielewi Python, wala C, wala Kiingereza. Inaelewa amri fupifupi zilizoandikwa kwa namba: chukua kilichopo kwenye nafasi hii ya kumbukumbu, kijumlishe na cha nafasi ile, weka jibu kule, kama jibu ni sifuri ruka uende kwenye amri fulani. Hiyo ndiyo lugha ya mashine. Asembli ni amri hizohizo, isipokuwa kila moja inaandikwa kwa kifupisho cha herufi badala ya namba ili binadamu aweze kuisoma. Mtu anapoandika kwa lugha hizi mbili tunasema ameandika kwa mkono, kwa sababu kila hatua ya mashine ameichagua mwenyewe. Lugha ya juu ni ile inayokuruhusu kuandika fomula karibu kama unavyoiandika kwenye daftari la hesabu, kisha programu nyingine inaigeuza kuwa amri za mashine.

Programu hiyo nyingine ndiyo inayosahaulika katika ubishi wote, na iko ya namna mbili. Fikiria mkutano wa injili ambapo mhubiri ametoka ng'ambo na kando yake amesimama mkalimani. Kila sentensi inasemwa mara mbili, kwa hiyo mahubiri ya nusu saa yanakwenda saa nzima. Mhubiri akirudia sentensi ileile mara kumi kwa msisitizo, mkalimani naye anaifasiri mara kumi. Sasa chukua mahubiri hayohayo, mpe mfasiri akae nayo mezani, ayaandike yote kwa Kiswahili na yachapishwe. Kazi ya kufasiri inafanyika mara moja tu, na baada ya hapo msomaji anasoma kwa kasi yake bila kumsubiri mtu. Intapreta ni yule wa jukwaani: inafasiri programu huku programu ikiendelea, tena na tena. Kompaila ni yule wa mezani: inafasiri yote mapema, halafu inaondoka.

Hofu iliyokuwa na sababu

Watu wengi wanaposimuliwa kwamba waandishi wa programu wa miaka ya 1950 hawakuamini lugha za juu, hudhani ni ukaidi wa wazee wanaoogopa mabadiliko. Si kweli, na kuwahukumu hivyo ni kuwaonea. Walikuwa wameshaziona mashine zikisuasua.

Mwaka 1953 John Backus na wenzake wa IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, walikuwa na mfumo ulioitwa Speedcoding kwa ajili ya kompyuta ya IBM 701. Ulikuwa intapreta. Ulimrahisishia mtu kazi ya kuandika, lakini programu ilikwenda taratibu mno. Mifumo mingi ya wakati ule iliyojitangaza kuwa ya "kujiprogramu yenyewe" iliipunguza mashine kasi mara tano hadi mara kumi. Huko MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, Laning na Zierler walitengeneza kwa ajili ya kompyuta ya Whirlwind mfumo uliokubali fomula za aljebra moja kwa moja, jambo la kupendeza kabisa kwa mwaka 1954, nao pia uligharimu kasi nyingi. Kwa hiyo mtaalamu aliyesema "mashine haiwezi kuandika vizuri kama mimi" alikuwa anasema alichokiona kwa macho yake.

Isitoshe, kulikuwa na jambo lililokuwa likificha uzembe wa mifumo ile. Kompyuta kama 701 haikuwa na sakiti za kushughulikia namba zenye nukta ya desimali inayohama, zile zinazotumika katika hesabu za sayansi. Kujumlisha namba mbili za aina hiyo kulihitaji mfululizo mrefu wa amri ndogondogo. Kwa kuwa muda mwingi uliishia humo, aliyeandika kwa mkono naye alikuwa akienda taratibu, na uzito wa intapreta haukuonekana sana. Kisha ikaja IBM 704, iliyotangazwa mwaka 1954. Hiyo ilikuwa na sakiti za hesabu hizo ndani yake, ikaweza kufanya hadi 12,000 za kujumlisha kwa sekunde, na ilikuwa na rejista tatu maalumu (nafasi ndogo za kushikilia namba ndani ya prosesa) za kusaidia kupita kwenye orodha za namba. Ghafla aliyeandika kwa mkono akapaa, na kila sekunde iliyopotezwa na mfumo wa kufasiri ikawa wazi.

Hapo ndipo tatizo lilipokuwa gumu. Backus aliamini kwamba kama FORTRAN, lugha aliyokuwa akiipendekeza, ingetoa programu inayokwenda kwa nusu tu ya kasi ya ile iliyoandikwa kwa mkono, ingekuwa katika hatari kubwa ya kukataliwa.

Kwa nini kujisumbua, basi?

Kwa sababu ya fedha. Backus aliangalia gharama yote badala ya kuangalia mashine peke yake. Katika vituo vya kompyuta vya wakati huo, mishahara ya waandishi wa programu kwa kawaida ilikuwa angalau sawa na gharama ya kompyuta yenyewe. Juu ya hapo, kati ya robo na nusu ya muda wa kompyuta ilikuwa ikiliwa na usakaji wa makosa. Ukijumlisha, kuandika na kusahihisha programu kungeweza kufikia robo tatu ya gharama ya kuendesha kituo. Na kwa kuwa mashine zilikuwa zikipungua bei, sehemu hiyo ingezidi kukua.

Hesabu hii ndiyo kiini cha jambo lote, na ndiyo inayokosekana katika mabishano ya mtandaoni. Anayesema "asembli ina kasi" anahesabu muda wa prosesa. Hahesabu siku za mtu, hahesabu makosa, hahesabu kazi ya kuandika upya mashine ikibadilika. Ufanisi wa nini? Bila kulijibu swali hilo, hakuna mshindi anayeweza kupatikana.

Mwishoni mwa 1953 Backus alimwandikia mkuu wake, Cuthbert Hurd, akaomba ruhusa, akakubaliwa. Makadirio ya mwanzo yalikuwa kama miezi sita. Kazi ilikamilika Aprili 1957. Kompaila ilikuwa na amri zipatazo 25,000, na ukijumlisha jasho la wote, ni sawa na kazi ya mtu mmoja kwa miaka 18. Tazama pia kinachojificha hapo: kompaila ya kwanza ya lugha hiyo ya juu iliandikwa kwa mkono. Isingewezekana vinginevyo.

Kompaila ilifanya nini ndani yake

Hapa naomba msomaji avumilie kidogo, kwa sababu bila kuona mfano mmoja hivi, madai ya kwamba mashine inaweza kuandika vizuri yanabaki kuwa imani tu.

Chukua jedwali la namba lenye mistari 100 na safu 50. Kwenye kumbukumbu ya kompyuta hakuna jedwali. Kuna nafasi 5,000 zilizopangwa mfululizo, safu ya kwanza yote, kisha ya pili, na kuendelea. Ukitaka namba iliyo mstari wa 7 safu ya 12, lazima ukokotoe iko wapi: safu 11 zilizotangulia mara 100, ongeza 7. Yaani kuzidisha kumoja na kujumlisha kumoja. Kompaila ya kijinga ingefanya hivyo kwa kila namba kati ya zile 5,000, na kwenye 704 kuzidisha kulichukua takriban mara kumi ya muda wa kujumlisha.

Mwandishi hodari wa asembli hakufanya hivyo hata siku moja. Alijua kwamba kama unapita mstari wa 7 kutoka safu moja kwenda inayofuata, nafasi huongezeka kwa 100 kila mara. Basi anaanza na nafasi ya kwanza, halafu anaongeza 100, anaongeza 100, bila kuzidisha popote. Ujuzi wa namna hii ndio uliomfanya aamini kwamba hakuna mashine itakayomfikia.

Timu ya FORTRAN iliufundisha ujuzi huo kwa kompaila. Sehemu nzima ya programu yao ilikuwa ikichambua mizunguko, yaani vipande vya programu vinavyorudiwarudiwa, na kugundua ni wapi kuzidisha kunaweza kugeuzwa kuwa kujumlisha, na ni hesabu gani inaweza kutolewa nje ya mzunguko ikafanywa mara moja. Kisha kulikuwa na tatizo la rejista tatu. Kompaila kwanza ilijifanya kwamba rejista ni nyingi kadiri inavyotaka, ikaandika amri zake kwa uhuru, na baadaye ikatafuta namna ya kuzibana zote ndani ya tatu bila kupoteza muda kuhamisha vitu huku na huko. Ili ijue wapi pa kubana na wapi pa kuacha, Lois Haibt alitengeneza sehemu iliyoiga mwendo wa programu kwa kubahatisha njia za kupita, ikakadiria ni vipande vipi vitapitiwa mara nyingi zaidi. Sheldon Best ndiye aliyeshughulikia ugawaji wa rejista. Mbinu za aina hii zimo hadi leo ndani ya kompaila tunazotumia.

Matokeo yaliwashangaza hata wao. Walikuwa wakisoma amri zilizotoka, wanadhani kuna kosa, wanafuatilia, wanakuta mashine iko sahihi na imepita njia ambayo wao wasingeiwazia.

Katika taarifa yao ya 1957 walieleza kisa cha mwandishi mmoja wa programu aliyehudhuria mafunzo ya siku moja, akapitia kitabu cha maelekezo, kisha akaandika kazi yake kwa saa 4. Ilikuwa na mistari 47 ya FORTRAN. Mashine ikaifasiri kwa dakika 6, zikatoka amri kama 1,000. Jibu la kwanza lilikuwa na makosa, akaona kosa liko mstari gani, akalirekebisha, ikawa sawa. Yeye mwenyewe alikadiria kwamba kuiandika kwa mkono kungemchukua siku 3, bila kuhesabu muda wa kusaka makosa, na kwamba kasi ya programu isingeongezeka kwa kiasi cha kutajika.

Aprili 1958, walipouliza vituo 26 vilivyokuwa na 704, zaidi ya nusu vilikuwa vikitumia FORTRAN kwa zaidi ya nusu ya kazi zao. Huo ni mwaka mmoja tu baada ya kompaila kutoka. Watu walewale waliokuwa na mashaka walibadilika, na kilichowabadilisha ni kuona amri zilizotoka.

Bei iliyolipwa

Lakini tusidanganyane kwamba kila kitu kilipatikana bure. Rudi kwenye zile dakika 6. Kwa programu itakayoendeshwa kila wiki kwa miaka, dakika 6 si kitu. Kwa mwanafunzi anayeandika zoezi la darasani litakaloendeshwa mara moja kwa sekunde mbili, ni upotevu mtupu: kufasiri kunagharimu kuliko kazi yenyewe. Ndiyo maana mwaka 1965, Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, wanafunzi walitengeneza WATFOR, kompaila ya FORTRAN iliyofasiri haraka sana na kutoa maelezo mazuri ya makosa, ikikubali kwamba programu itakayotoka haitakuwa na kasi kubwa. Lugha ni ileile na kompaila ni mbili tofauti, kwa sababu kazi zao ni mbili.

Bei nyingine ilikuwa nafasi. Unix, mfumo endeshi uliozaliwa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, mwanzoni uliandikwa kwa asembli. Mwaka 1973 uliandikwa upya kwa C, na watengenezaji wake, Dennis Ritchie na Ken Thompson, walisema wazi kwamba mfumo mpya ulikuwa mkubwa kwa kama theluthi moja kuliko wa zamani. Waliiona bei hiyo kuwa ya haki, kwa sababu mfumo mpya ulieleweka, ulirekebishika, na ulikuwa na uwezo ambao wa zamani haukuwa nao. Baadaye Unix ikahamia kwenye kompyuta za aina nyingine kabisa. Mfumo wa asembli usingehama, ungezikwa na mashine yake.

Hata ule mwendo wa polepole wa intapreta wakati mwingine ni bei inayofaa kulipwa. Kompyuta iliyoongoza vyombo vya Apollo kwenda mwezini ilikuwa na kumbukumbu ya kudumu ya "maneno" 36,864 tu, yaani nafasi za kuwekea namba au amri. Waandishi wake walitumia asembli kwa mambo ya haraka, lakini hesabu ndefu za uelekezaji waliziandika kwa lugha ya intapreta ndani ya mashine hiyohiyo. Ilikwenda taratibu zaidi, ila amri zake zilikula nafasi ndogo. Kwao nafasi ilikuwa adimu kuliko sekunde.

Turudi kwenye ubishi wa leo

Kauli ya kwanza, kwamba Python ni nzito. Lugha haina kasi. Kinachofasiri lugha ndicho chenye kasi. Python wanayoipakua wengi kimsingi inaendeshwa na intapreta, na hapo ni kweli kwamba mzunguko wa kupita namba milioni moja utakwenda taratibu mno ukilinganisha na C. Lakini PyPy, programu nyingine ya kuendesha Python, huendesha lugha hiyohiyo kwa kuifasiri kuwa amri za mashine wakati programu inakwenda, na mara nyingi mzunguko uleule unakwenda kwa kasi zaidi bila mstari mmoja kubadilishwa. Na wanaofanya hesabu nzito kwa Python kwa kawaida hawaachi Python ifanye kuzidisha. Wanaita maktaba zilizofasiriwa tayari na kompaila, na mizizi ya baadhi yake, kama LAPACK inayotatua milinganyo, ni Fortran.

Kauli ya pili, kwamba kuandika kwa mkono hushinda siku zote. Mwaka 1971 Donald Knuth, mtaalamu wa sayansi ya kompyuta, alichapisha uchunguzi wa programu za FORTRAN zilizokuwa zikitumiwa na watu, akakuta kwamba chini ya asilimia 4 ya programu kwa kawaida hula zaidi ya nusu ya muda wote. Maana yake ni kwamba ukiandika programu nzima kwa asembli, sehemu kubwa mno ya jasho lako limemwagika mahali ambapo hakuna atakayeona tofauti. Na kuna ugumu mwingine uliokuja baadaye: prosesa za sasa hufanya amri kadhaa kwa wakati mmoja, huzibadilisha mpangilio, hukisia zitakazofuata. Kupanga amri vizuri kwa mashine kama hiyo kunahitaji hesabu ambazo kompaila hazichoki kuzifanya. Mwanafunzi anayeandika asembli leo akidhani moja kwa moja itaipita C, mara nyingi atashindwa.

Kauli ya tatu, ya akili mnemba, ningependa itenganishwe kabisa na hizi mbili. Kompaila inafungwa na sharti: amri zitakazotoka lazima ziwe na maana ileile ya ulichoandika. Ikikiuka, hilo ni kosa la kompaila na linatafutwa na kurekebishwa. Akili mnemba haina sharti hilo. Inakuandikia Python au C ambayo inaonekana kulingana na ombi lako, na msimbo huo bado utapita kwenye kompaila au intapreta ileile kama wa mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza juu ya msimbo wake ni kama uko sahihi, na hilo anayepaswa kulijibu ni wewe uliyeuomba. Kusema kwamba akili mnemba ni "kompaila mpya", kama wengi wanavyosema sasa, ni kuondoa kitu kimoja kilichofanya watu waiamini FORTRAN.

Je, kuandika kwa mkono kumekufa? Hapana. Vijana wa mradi wa VideoLAN walianza mwaka 2018 kutengeneza dav1d, programu ya kufungua video za muundo uitwao AV1, ambayo kivinjari cha Firefox huitumia. Sehemu kubwa ya msimbo wake ni asembli, kwa sababu kufungua video ni kurudia hesabu zilezile kwa mamilioni ya vidoa vya rangi, picha baada ya picha, na kuna amri maalumu za prosesa zinazoshughulikia namba nyingi kwa pamoja ambazo kompaila bado hazizitumii vizuri vya kutosha. Wanalipa bei yake: asembli ya prosesa za Intel na AMD haifai kwenye prosesa za ARM zilizo kwenye simu, kwa hiyo kazi inafanywa zaidi ya mara moja. Na kila kipande cha asembli kina mwenzake aliyeandikwa kwa C. Kwenye majaribio hupewa data ileile, majibu yanalinganishwa, na la asembli likitofautiana na la C, asembli ndiyo inayorudishwa kurekebishwa.